Waheshimiwa Madiwani, Wapeni Watoto wa Awali Kasma Yao

Kwa Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto na wa Halmashauri ya Wilaya ya Bumbuli

YAH: KASMA YA ELIMU YA AWALI KATIKA MAPATO YA NDANI

Waheshimiwa, wengi wenu ni wadogo zangu na wanangu, na wamo niliowashika mkono walipoandika herufi ya kwanza. Kwa hiyo mtaniwia radhi nikisema nanyi kama mama anavyosema na watu wa nyumbani kwake. Naandika kabla hamjakaa kupitisha bajeti ya mwaka ujao wa fedha. Ninaloomba ni jambo moja: elimu ya awali iwe na kasma yake katika mapato ya ndani ya halmashauri, yenye kiasi kinachosomeka, na kasma hiyo isihamishiwe matumizi mengine katikati ya mwaka.

Nianze na yale yaliyokwisha kuamuliwa, tusije tukatumia muda kubishania lisilobishaniwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ndiyo iliyoagiza shule za msingi ziwe na darasa la awali. Sera ya mwaka 2014 ikaiingiza awali ndani ya elimumsingi ya lazima, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Ukafuata Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, na kuanzia Januari 2016 ada na michango ya lazima ikafutwa. Wazazi wakaitika. Nchi nzima watoto wa awali walikuwa kama milioni 1.07 mwaka 2015. Mwaka uliofuata wakafika milioni 1.56.

Nilikuwa bado kazini Januari ile. Darasa lilijaa mpaka mlangoni, watoto wamekaa sakafuni bega kwa bega, na chumba chenyewe tulikuwa tukipokezana na darasa la kwanza. Mwongozo unasema mwalimu mmoja wa awali awe na watoto 25. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuuona uwiano huo. Ilikuwa neema kuwapata watoto wale, na naiita neema mpaka leo, ila walikuja bila mwalimu wa nyongeza, bila mikeka na bila uji. Ruzuku ya uendeshaji ilikuwa ikihesabiwa kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, kiwango kilichowekwa enzi za Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), mwaka 2002. Mwalimu mkuu akishatoa humo chaki, karatasi za mitihani na bati la kuziba paa linalovuja, awali ilikuwa inapewa kilichosalia, na mara nyingi hapakusalia kitu.

Labda wapo wanaosema awali ni kuimba na kucheza tu, na kwamba mtoto akifika darasa la kwanza atajifunza kama tulivyojifunza sisi. Naomba wamuulize mwalimu yeyote wa darasa la kwanza. Mtoto aliyepita awali ya kweli, mwalimu huyo humjua hata kabla mtoto hajamtajia jina lake. Anajua kusubiri zamu, anashika penseli kwa vidole vitatu, anafungua kitabu kwa upande wake, anaweza kusikiliza hadithi fupi na kusimulia kilichotokea mwishoni. Alihesabu vizibo na punje za maharage kwenye kona ya hesabu kabla hajaonyeshwa tarakimu. Mwenzake aliyetoka nyumbani moja kwa moja anakutana na kitabu, kalamu, kengele na Kiswahili vyote asubuhi moja. Kwetu hilo la Kiswahili si dogo. Mtoto wa Mtae au wa Mbaru anaamka kwa Kishambaa na kulala kwa Kishambaa. Wapo watoto wa Wambugu, na kule chini tambarare ya Umba wapo wa Kipare na wa Kimasai. Mwaka wa awali ndio mwaka wa kuvuka kutoka lugha ya mama kwenda lugha ya darasani bila kupigiwa kelele. Asipoupata, anaitwa mzito wa kuelewa, na jina hilo humfuata hadi darasa la nne.

Sasa sera imebadilika tena. Toleo la mwaka 2023, ambalo Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua mwanzoni mwa mwaka 2025, limeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba. Tulizoea kumsamehe mtoto miaka miwili ya mwanzo akipapasa, tukijua mbele kuna mingine mitano. Hesabu hiyo haipo tena.

Niseme juu ya milima yetu, kwa sababu hapa ndipo bajeti inayopangwa Dodoma haiwezi kutuona vizuri, na ninyi mnaweza.

Ramani ya shule zetu ilichorwa kwa miguu ya mtoto wa miaka saba na kuendelea. Vitongoji vyetu vimekaa juu ya migongo ya milima, shule iko mgongo wa pili, katikati kuna bonde. Mtoto anashuka mpaka kwenye mabustani ya mboga, anavuka kijito juu ya gogo, anapanda upande wa pili. Mtu mzima akiwa ng'ambo anaiona shule na kusema ni hapo tu. Kwa mtoto wa miaka mitano ni safari ya asubuhi, na arudi njia ileile na njaa. Masika ikianza udongo mwekundu unateleza na ngema zinamomonyoka. Juni na Julai ukungu wa Magamba na Shume unakaa mpaka karibu saa nne, na baridi yake mnaijua. Kule Mnazi na Lunguza hakuna mlima wa kupanda, lakini kuna jua, kuna umbali, na kuna tembo wanaotoka Hifadhi ya Mkomazi, ambao hakuna mzazi atakayemwambia mtoto mdogo akutane nao peke yake.

Mzazi afanyeje? Anamweka mtoto nyumbani mpaka miguu ikomae. Anamwandikisha darasa la kwanza akiwa na miaka saba au minane, bila awali, na kwenye takwimu mtoto huyo anaonekana ameandikishwa vizuri. Hakuna mzazi mzembe katika hesabu hiyo. Ni umbali.

Mama yuko wapi saa hizo? Mnajua alipo. Ametoka alfajiri kwenda bondeni kumwagilia kabichi na karoti, mtoto mchanga mgongoni. Siku ya soko yuko Lukozi, Soni au Mlalo na tenga kichwani. Baba wa familia nyingi yuko Tanga au Dar es Salaam, anatafuta. Mtoto wa miaka minne ameachwa na dada yake wa miaka tisa, kwa maana hiyo dada naye hayupo shuleni siku hiyo. Kituo kimoja cha awali kwenye kitongoji huwafungulia mlango watoto wawili kwa mpigo: mdogo anaingia kituoni, mkubwa anarudi darasani. Sijaona mahali popote tunapoihesabu faida hii ya pili, na wasichana wetu ndio wanaoilipia hasara yake.

Mboga za mama huyo ndizo zinazojaza malori yanayoteremka Soni kwenda Mombo, na kutoka Mombo kwenda Kariakoo. Kila gunia la viazi, kila tenga la nyanya na la mapeasi lina ushuru wake, na ushuru huo unaingia kwenye mapato ya ndani ambayo ninyi, Waheshimiwa, ndio mnaoyagawa. Hamhitaji kuomba ruhusa ya mfadhili kuyagawa. Fedha iliyotoka mgongoni mwa mama ikirudi kumlelea mtoto saa anapokuwa bondeni, sioni matumizi yaliyo halali kuliko hayo.

Mfano wa namna ya kufanya upo tayari ndani ya makabrasha yenu. Mwaka 2017 mikoa ilisaini mkataba wa lishe, na halmashauri zote zikaagizwa kutenga angalau shilingi 1,000 kutoka mapato ya ndani kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Mkataba ule ulikuwa na nguvu kwa sababu ulitaja kiasi na ukataja mtoto. Mkuu wa mkoa aliweza kuuliza: watoto wangapi, shilingi ngapi, zimetoka lini? Taifa limepunguza udumavu kutoka asilimia 34 katika utafiti wa afya wa mwaka 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022, na ingawa sababu nyingi zilichangia, naamini kuwa na fungu lenye jina kulisaidia. Awali haina swali la namna hiyo. Ofisa Elimu wa Awali na Msingi akiulizwa ametumia kiasi gani kwa awali, inambidi aanze kukisia.

Acheni tufanye hesabu pamoja. Chukueni vituo 60 vya vitongoji kwa kuanzia, vile vilivyo mbali zaidi na shule mama. Kila kituo mwalimu msaidizi mmoja, mkazi wa pale pale, anayefundisha nusu siku kwa posho ya shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 1,800,000 kwa kituo, yaani milioni 108 kwa vyote. Wekeni shilingi 700,000 kwa kila kituo kwa mikeka, vifaa, sabuni na unga wa uji; hapo ni milioni 42. Jumla milioni 150. Hesabu yangu inaweza kurekebishwa na mweka hazina wenu, na ningefurahi airekebishe, kwa maana atakuwa ameifungua. Majengo nimeyaacha makusudi. Vitongoji vingi vina chumba cha kanisa, madrasa au ofisi ya kijiji ambacho asubuhi hakina mtu, na wazee wa msikiti na wa usharika ninaowafahamu hawajawahi kumfukuza mtoto.

Katika hesabu hiyo, kinachonikera zaidi ni posho. Walimu wa awali wa kujitolea tunao, tena tumewatumia sana. Ni mabinti na vijana waliomaliza kidato cha nne, wenye moyo na sauti nzuri ya kuimbisha, waliokuwa wakilipwa na wazazi kwa mchango wa mwezi: wengine walitoa fedha, wengine debe la mahindi, wengine hawakuwa na kitu. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni alikuwa anamlinda mzazi maskini, na alikuwa na sababu. Ila mwalimu wa kujitolea hakuwekewa chochote mahali pa mchango ule. Wakuu wa shule wakaogopa hata kuitisha kikao. Nimewaona mabinti wawili, watatu, walioshika darasa vizuri kuliko mimi nilivyoshika umri huo, wakipanda basi kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, wakalee watoto wa watu wengine. Watoto wao wa darasani wakabaki wakiwauliza kwa majina.

Kuwafundisha kazi si tatizo kwetu kama ilivyo kwa wilaya nyingine. Pale Ubiri, kilomita chache kabla ya kufika Lushoto mjini, Masista wa Usambara wamekuwa wakiandaa walimu wa watoto wadogo kwa njia ya Montessori kwa miaka mingi. Tukumbuke njia hiyo ilikoanzia: Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka 1907, San Lorenzo, mtaa wa wafanyakazi maskini wa Roma ambao wazazi walitoka kwenda kazini na watoto wakabaki ngazini peke yao. Leo wengi hulifahamu jina hilo kwenye shule za kulipia. Halmashauri ikiketi na masista wakakubaliana juu ya kozi fupi za likizo kwa walimu wasaidizi, ujuzi ulio mlangoni petu utafika Rangwi na Mlola. Hata kuwagundua mapema watoto wenye ulemavu kunaanzia kwenye darasa la awali. Irente tuna shule ya wasioona, lakini mtoto asiyeona vizuri akifichwa nyumbani mpaka miaka tisa hakuna wa kumwelekeza huko.

Wenzetu wamefanya, na si matajiri. Kenya iliandika katika Katiba ya mwaka 2010 kwamba elimu ya awali na malezi ya watoto ni kazi ya kaunti. Mabishano ya mishahara ya walimu wa awali hayajaisha huko, lakini mzazi wa Kwale au Taita Taveta anajua aende kumuuliza nani, na gavana anajua ataulizwa. Zanzibar, vituo vya Tucheze Tujifunze vilianza kwa vipindi vya redio, mlezi kutoka kijijini na chumba chochote kilichopatikana karibu na watoto. Pwani ya Kenya tangu miaka ya 1980, kisha Unguja na Uganda, mpango wa madrasa wa Mfuko wa Aga Khan ulionyesha kwamba akina mama wa kijiji wanaweza kuendesha shule ya awali yenye kiwango, wakipewa mafunzo na fungu dogo lisilokatika. Nasisitiza hilo la kutokatika. Mtoto wa miaka minne hawezi kusubiri robo ya tatu ya mwaka wa fedha.

Mtaniambia ajira za walimu na ujenzi ni kazi ya Serikali Kuu. Ni kweli, na Serikali Kuu haijakaa bure. Fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, zilijenga madarasa 15,000 nchini, na 3,000 kati yake yalikuwa ya shule shikizi, yaani yale yale ya kumsogelea mtoto. Mradi wa BOOST umejenga madarasa ya awali ya mfano, yenye rangi na vyoo vya kimo cha mtoto, na Tanga ni miongoni mwa mikoa ya mradi wa Shule Bora. Nashukuru kwa yote. Lakini mradi huja na tarehe ya kuondoka. Hata Programu Jumuishi ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 iliandikwa kuishia mwaka 2025/26. Darasa likishapakwa rangi, anayemlipa mtu wa kufungua mlango saa moja na nusu asubuhi ni nani? Hapo ndipo pengo lenu, na ninyi mnaweza kuliziba bila kumnyang'anya mtu madaraka yake.

Wapo pia watakaosema barabara kwanza. Mimi nimezaliwa Mlalo, najua maana ya barabara kukatika na kabichi kuoza njiani. Siwaombi mwache barabara. Lakini barabara huwa na mtetezi katika kila kikao, kwa sababu mwenye lori ana sauti na dereva ana simu. Mtoto wa miaka minne hana hata mmoja wa kupiga simu kwa niaba yake, na mama yake siku ya kikao yuko bondeni.

Tena nchi hii ilikwisha kufanya kubwa kuliko hili ikiwa na kidogo kuliko leo. Novemba 1974, chama tawala kikikutana Musoma, iliamuliwa kila mtoto wa umri wa shule ya msingi awe darasani mwaka 1977. Walimu hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa huku wakifundisha, wengi vijijini kwao. Kulikuwa na makosa katika haraka ile, hasa ya ubora, na tusiyarudie. Ila kizazi chetu kilisoma kwa sababu watu waliokaa vikaoni hawakukubali kwamba mtoto asubiri mpaka fedha zitoshe.

Kwa hiyo naomba haya, Waheshimiwa. Katika bajeti inayokuja muwe na mstari unaosomeka "Elimu ya Awali", na kiasi kando yake. Mkianza na kidogo, kianze, mradi kiandikwe. Posho ya mwalimu msaidizi itangulie kabla ya jengo lolote. Kiasi kilichotolewa na kilichotumika kibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata kila robo mwaka, ili mama akitoka sokoni asome. Na kabla ya yote, kila diwani aiagize Kamati ya Maendeleo ya Kata yake ilete orodha ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano kwa kila kitongoji, pamoja na umbali wa kutembea hadi shule, upimwe kwa dakika za mtoto.

Orodha hiyo haidai fedha. Inadai mwenyekiti wa kitongoji, daftari na mtu wa kufuatana naye nyumba kwa nyumba. Ya kitongoji changu nimekwisha kuianza pamoja na mwenyekiti wetu, na tutamkabidhi mtendaji wa kata kabla ya kikao kijacho cha kamati. Naomba diwani wangu aipokee, aende nayo Lushoto, na ajibiwe kwa maandishi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa awali na darasa la kwanza,
Mlalo